Kifuniko cha Mursik

Kitu cha kwanza Edah Nekoye alichokijua kumhusu Kibiwott ni kwamba maziwa yake yalikuwa baridi. Alikijua kwa vidole vya mguu. Ilikuwa mwaka wa 1996, kwenye maonyesho ya kilimo ya Kitale. Edah alikuwa amesimama katika kibanda cha ofisi yao, amevaa gauni la manjano lenye mabega ya sponji na viatu vyeupe vya dadake, wakati umati uliokuwa ukimfuata fahali aliyeshinda tuzo ulipomsukuma kijana mmoja mrefu hadi mezani pake. Kijana alikumbatia ndoo nyeupe, mdomo umefungwa kwa karatasi ya nailoni na kamba ya mpira. Mpira ukakatika. Mursik, maziwa yale ya mgando yenye rangi ya kijivu kwa mkaa wa kibuyu, yakamwagika juu ya viatu vya watu.

"Pole, madam! Pole sana! Si mimi, ni ng'ombe!"

"Ng'ombe ndiye alikuwa amebeba ndoo?"

"Hapana. Lakini ndiye ametoa maziwa."

Edah alitaka kukasirika, na haki alikuwa nayo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na viatu ni ndugu za nguo. Lakini kijana alikuwa ameshapiga magoti, anavipangusa vile viatu kwa kofia yake mwenyewe, kofia nzuri ya kitambaa cha kahawia. Mtu anayechafua kofia yake kwa ajili ya viatu vya mwingine ni vigumu kumfokea.

"Wacha, bana. Simama. Kwa nini hiyo ndoo haina kifuniko?"

"Ni hadithi ndefu." Akasimama. Alikuwa na meno meupe na koti la suede lililochakaa viwiko. "Kuna kiwanda kilifungwa, nikanunua ndoo zake, stoo nzima. Kufika nyumbani, naangalia, kifuniko hata moja hakuna. Nataka kuuza mursik mpaka Bungoma, na naitwa mwendawazimu na kijiji mzima."

"Mimi naweza kukuchorea kifuniko."

"Kuchora? Madam, mimi nataka ya kufunika, si ya kutundika kwa ukuta."

Edah akacheka hadi mabega ya sponji yakatikisika. Akageuza kompyuta iliyokuwa mezani, ambayo watu walikuwa wakiizunguka tangu asubuhi kama fahali wa pili, akamwonyesha. Alikuwa na diploma ya uchoraji wa mitambo, na ofisi ya Bwana Kagwe kule Bungoma ilikuwa na programu ya CAD, ile ya kuchorea kwa vipimo kamili. Kagwe aliinunua kwa ajili ya ramani za nyumba. Edah alikuwa amechoka na nyumba.

"Nikishachora, fundi anachonga kalibu ya chuma, plastiki inamiminwa ndani, unapata vifuniko mpaka ulie. Niachie ndoo."

"Na mwenye ndoo nimwache wapi?"

"Huyo ajipeleke nyumbani," alisema Edah, lakini akaandika namba ya simu ya ofisi kwenye kiganja cha kijana.

Basi mapenzi yakaanza kupitia waya. Kibiwott alikuwa akishuka kutoka kwao, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, anapanga foleni kwenye kibanda cha simu mjini Kitale na sarafu zikilia mfukoni. Simu ikilia Bungoma, Kagwe anaitazama, anamtazama Edah, anavuta pumzi.

"Ni ndoo," anasema. "Inakutafuta tena."

"Hallo, mama vifuniko," inasema sauti.

"Hallo, baba kumwaga. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, lakini haikuwa tamu. Sijui ni sukari ama ni wewe haukuwa."

"Weka sukari, usinisingizie. Sikiliza, mdomo wa ndoo yako si mviringo kamili. Nimeupima pande zote. Umelala kidogo upande mmoja."

"Ni kama mimi. Nalala upande wako."

"Kibiwott! Niko kazini!"

Na kweli alikuwa kazini. Alichora mdomo wa ndoo kama ulivyo, si kama kitabu kinavyotaka uwe. Akachora kifuniko ukingo wake ukishuka na kujikunja chini ya mdomo ule, akaacha upenyo wa chini ya milimita moja ili plastiki ipite bila kupasuka. Kibiwott alipokuja Bungoma kuona, amenyoa ndevu na kuvaa shati jeupe la kanisani, Edah alimkalisha karibu naye, akakizungusha kifuniko kwenye skrini. Harufu ya sabuni ya kijana yule ilimfanya abonyeze kitufe kisicho chake.

"Niambie unataka nini hasa," Edah aliuliza.

"Hata tone moja isitoke. Barabara ya Misikhu unaijua. Nataka hata ndoo ikianguka, tone isitoke."

"Haitatoka."

Fundi Wakhungu, mwenye mashine za kuchonga chuma na ya kumimina plastiki nyuma ya soko la Bungoma, akatengeneza. Kifuniko cha kwanza kilipobanwa juu ya ndoo kililia tak! na wote watatu wakatazamana kama waliosikia mtoto akizaliwa. Walijaza ndoo maji, wakaigeuza juu chini, wakaitikisa, Wakhungu akaipiga teke. Hakuna tone. Kibiwott akamshika Edah mkono mbele ya Wakhungu na hakuuachilia hata walipokuwa wameshafika barabarani.

Maji, msomaji wangu. Walikijaribu kwa maji.

Ndoo za kwanza zilifika katika duka la Mukhisa mjini Bungoma siku ya jua kali. Mukhisa alizipanga karibu na dirisha, chini ya bati, watu wazione. Edah alikuja saa ya chakula kutazama kazi ya mikono yake, amevaa blauzi mpya ya samawati. Ndani ya duka mlikuwa na akina mama wa kwaya wakinunua mkate. Edah aliona kwamba vifuniko vimefura katikati, vimetuna kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Akainama kutazama vizuri.

Cha kwanza kiligonga dari. Cha pili kiligonga rafu ya sabuni. Mursik iliruka kwenye kitenge cha kwaya, kwenye mikate, kwenye miwani ya Mukhisa, na kwenye blauzi ya samawati kuanzia kola hadi kiuno.

"Toeni hii bomu kwa duka yangu!" Mukhisa alipiga kelele. "Zote! Na nisione ndoo hapa tena!"

Mchana ule simu ililia ofisini. Edah aliichukua mwenyewe, nywele zikinuka mgando.

"Dia, wamesemaje?" Kibiwott alikuwa na furaha ya mtu anayengoja kusifiwa.

"Zimepasuka. Duka mzima. Mukhisa amezitupa nje."

"Kifuniko yako imefanya nini?"

"Kifuniko yangu? Ulisema hata tone isitoke! Imefanya vile ulisema!"

"Lakini si mursik inapumua, Edah! Inachacha, inatoa hewa! Unaifungia namna hiyo aje? Hata mtoto anajua!"

"Mtoto wa kwenu! Kwetu maziwa ni ya chai! Mambo ya kwenu ningejuaje?"

Neno hilo, kwenu, miaka ile baada ya mapigano ya kikabila, halikuwa neno la kurusharusha. Nyumba zilikuwa zimechomwa kwa ajili yake, upande wa Edah na upande wa Kibiwott, na kila mmoja alikuwa na mjomba aliyehama na godoro kichwani. Edah alilisikia likitoka na akatamani kulivuta kwa waya.

"Sawa, Nekoye," alisema Kibiwott. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina hilo la kabila lake. "Ya kwetu wacha ikae kwetu."

Simu ikakatika.

Mimi nasema walikosa wote wawili, tena kosa moja. Kibiwott hakusema kwa sababu alilijua jambo lile tangu akiwa mgongoni mwa mamake; hakudhani kuna mtu duniani asiyelijua. Edah hakuuliza kwa sababu maji yalimjibu vizuri. Lakini waambie hivyo watu wawili wenye hasira uone kama utashukuriwa.

Simu ya Kibiwott haikulia tena. Simu ikilia, walikuwa watu wa ramani za nyumba. Kagwe mwenyewe akaanza kuitazama kwa huzuni. Edah alilia siku ya kwanza, akanuna siku ya pili, na ilipofika Jumamosi akajifunga kitambaa kichwani, akavaa viatu vya chini, akapanda gari la Kitale, kisha lingine la mlimani kwa kina Kibiwott. Alisema moyoni kwamba haendi kumbembeleza mwanamume. Anaenda kuona kibuyu.

Cherop, mamake Kibiwott, alimpokea kwenye lango la miti. Alikuwa mama mwembamba, na sweta mbili mwilini kwa baridi ya mlima.

"Kumbe ni wewe ya kompyuta," alisema. "Ingia. Nilifikiri utakuwa mrefu."

"Shikamoo, mama. Kibiwott yuko?"

"Ameenda Kitale. Amepata kazi ya lori, hizi zinapeleka chakula Loki. Wiki ijayo zikijaa, anaenda. Hii maneno ya ndoo amesema ameacha."

Edah akakaa bila kukaribishwa. Kila mtu wa Kitale aliyajua malori yale ya Lokichoggio, kule mpakani na Sudan. Vijana waliokwenda njia ile walirudi kubadilisha matairi tu, hawakurudi kuoa. Moyo wake ulimwambia waziwazi kwamba akimwacha aende hivi, na lile neno katikati yao, hatampata tena. Na alimtaka. Alimtaka yule yule wa kofia ya kahawia.

"Mama, naomba nione kibuyu."

Cherop alishangaa lakini akakileta. Kilikuwa kirefu, shingo nyembamba, kimevikwa kifuniko cha ngozi. Edah alikigusa kifuniko kwa kidole, kikazunguka. Hakikubana. Kilikaa juu ya shingo kama kofia inavyokaa kichwani. Akaweka sikio, akasikia sauti ndogo ndani, ikitoka polepole, ikinyamaza, ikitoka tena. Akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka maziwa yangu?"

"Hapana, mama. Najicheka mimi. Shingo ya kibuyu ni ndefu, maziwa hayafiki juu. Ndoo yangu haina shingo. Lazima nipate kitu kingine cha kuachia hewa na kukataa maziwa."

"Hiyo mimi sijui," alisema Cherop. "Mimi niko na shingo ya kibuyu, inanitosha." Kisha akamjazia mtungi wa plastiki. "Beba ya kujaribu. Lakini ukimwaga hii, utakuja kukamua mwenyewe."

Jumatatu Edah alikaa mbele ya kompyuta kabla Kagwe hajavua koti.

"Edah, hiyo mashine ni ya nyumba za watu. Si ya ndoo za mahaba."

"Bwana Kagwe, kifuniko kibaya kimetoka katika ofisi hii. Ukitaka Bungoma yote iendelee kusema hivyo, zima kompyuta."

Kagwe alikunja uso, akatazama swichi ukutani, akaenda kutafuta chai.

Edah alikikata kifuniko ubavu kwenye skrini, akakikuza hadi ukingo wake ukajaza kioo kizima. Ukingo aliuacha, ulikuwa mzuri. Katikati akakididimiza, kikawa na kisahani. Ndani ya kisahani akachora ulimi mdogo, umekatwa pande tatu, umeshikwa upande wa nne. Hewa ikisukuma kutoka chini, ulimi unainuka. Ikitoka, ulimi unalala. Tone likipenya linabaki kisahanini, halifiki nje. Kwenye skrini ilikuwa rahisi. Kwa Wakhungu, ulimi wa kwanza ulikuwa mnene, hewa ikashindwa kuuinua, kifuniko kikaruka na kumkosa Wakhungu sikio.

"Dada, huyu mwanaume lazima awe mzuri sana," alisema Wakhungu.

"Chonga tena."

Wa pili ulikuwa laini, ukainuka na kusahau kulala. Edah akarudi kwenye kompyuta, akapunguza, akaongeza, akarefusha, akarudi kwa Wakhungu na mchoro mwingine. Hakuwa na hasira tena wala machozi. Alikuwa na kazi. Ulimi mwingine ulipotoka, aliijaza ndoo maziwa ya Cherop, akaianika juani juu ya bati la karakana mpaka adhuhuri. Ikanong'ona tu. Akamwita kijana wa bodaboda mwenye baiskeli nyeusi, akaifunga ndoo kwenye kiti cha nyuma.

"Nenda Bumula, urudi. Usikwepe shimo hata moja."

Kijana alirudi akitokwa jasho. "Madam, abiria wako ni mpole. Hajalalamika."

Edah alipapasa kuzunguka kisahani kwa nje, pembeni, kila mahali. Kidole kikarudi kikavu.

Malori yalikuwa yamepangwa kwenye uwanja wa mizigo mjini Kitale, maturubai yamefungwa, injini zikinguruma na moshi wa dizeli umejaa hewani. Kibiwott alikuwa anakagua matairi, amevaa ovaroli ya buluu iliyokuwa fupi miguuni. Alipomwona Edah anakuja amevaa sketi ya maruni, nywele zimesukwa upya, ndoo mkononi, alisahau tairi alilokuwa anapiga.

"Umekuja kunisindikiza?"

"Nimekuja kukupa mzigo. Ni mursik ya mamako. Uweke kwa kebini, si nyuma. Ipate joto."

"Edah. Kutoka Kapenguria kushuka, hiyo barabara inavunja springi za lori. Na jua ya Lodwar..."

"Ndiyo maana nimekuja na hii."

Akaitazama ndoo, akagusa kile kisahani, ule ulimi mdogo.

"Lile neno nililosema kwa simu nalirudisha," alisema Edah. "Lilikuwa neno baya na nilijua ni baya."

"Na mimi ningekuambia mursik inapumua. Sikujua kuna mtu hajui."

"Basi sasa najua. Nakupenda, Kibiwott, na sitaki uende. Lakini siwezi kukushika mguu mbele ya madereva. Beba hii. Ikimwagika, endesha lori mpaka uzeeke, sitakulaumu. Isipomwagika, rudi tuuze maziwa."

"Hiyo ni mtihani yangu ama ya kifuniko?"

"Panda gari, bana. Wanakupigia honi."

Alipanda. Edah alisimama vumbini hadi lori la mwisho lilipopinda, mgongo wima, na hapo ndipo akaachia machozi.

Siku zilizofuata, Kagwe alikuwa wa kwanza kuruka simu ikilia. Siku moja aliisikiliza, akaziba mdomo wa simu kwa mkono.

"Ni ndoo," alisema kwa sauti ya chini. "Kutoka Lodwar."

Edah aliinyakua. Laini ilikuwa inakwaruza.

"Edah! Unanisikia?"

"Kifuniko?"

"Hata salamu?"

"Kifuniko, Kibiwott!"

"Imekaa! Njia yote nilikuwa naisikia, pss, inanyamaza, pss, kama mtoto amelala. Hata tone, Edah. Hata tone moja!"

Edah akakaa kwenye kiti cha Kagwe.

"Sasa shida ni moja," iliendelea sauti. "Madereva wamekunywa yote. Wanauliza ingine iko wapi. Nimewaambia iko Bungoma, kwa mama vifuniko."

"Na wewe?"

"Nikishusha mzigo narudi na hii hii lori. Nimeambia mkubwa atafute dereva mwingine. Edah, mimi naku..."

Sarafu zikaisha. Edah alibaki ameshika simu iliyokufa na kucheka, na Kagwe akamletea chai bila kuombwa.

Mukhisa alikubali ndoo mpya kwa sharti moja, kwamba wenye mali wasimame mbele. Basi walisimama, Kibiwott na shati lake la kanisani, amekaushwa na jua la kaskazini, Edah na blauzi ya samawati iliyofuliwa mara nyingi, huku Mukhisa akiwa nyuma ya kaunta na mwavuli umefunguliwa. Jua likapanda. Bati likaanza kulia kwa joto. Ndoo ya kwanza ikasema pss. Mukhisa akajikunyata. Ya pili ikasema pss. Ulimi ukainuka, ukalala. Wateja wakasogea karibu, mama mmoja wa kwaya akiwa mbele, kitambaa cha kujifuta tayari mkononi. Wakangoja. Hakuna kilichoruka.

"Hebu nipimie hiyo kidogo," alisema yule mama.

Mukhisa akafunga mwavuli.

Kibiwott alikohoa. Alikuwa ametoka Lodwar bila kutetemeka, lakini sasa mikono ilikuwa inamsumbua, hajui aiweke wapi.

"Edah, mama amenipa swali nikuulize. Mimi jibu sina."

"Swali gani?"

"Anasema, wazee wetu wakija kwenu Matulo, maziwa wabebe na nini? Kibuyu ama ndoo?"

Hata mama wa kwaya aliacha kunywa. Kila aliyekuwemo alijua kwamba wazee hawatoki mlimani na maziwa kwenda kwa watu kuulizia habari za plastiki. Kwenu, alikuwa amesema. Neno lile lile, na Edah akalipokea kwa moyo wote.

"Waje na kibuyu," alisema. "Ndoo ni ya biashara."

"Sawa."

"Na Kibiwott?"

"Eeh?"

"Wabebe ya kutosha. Kwetu tuko wengi, na mpaka leo wanajua ya chai tu."